Maswali yanayoulizwa mara kwa mara: kuunda nakala za roketi za kweli kwenye Kerbal Space Program

Kerbal Space Program ni gemu la kompyuta la kuunda na kurusha roketi. Majibu haya ni kwa wachezaji wa Mtwara, Lindi, Masasi, Nachingwea na kwingineko Kusini ambao tayari wamefikisha chombo kwenye obiti na sasa wanataka kuunda Saturn V, Falcon 9 au Soyuz inayofanana na yenyewe. Vipimo vyote ni vya toleo la 1.12 bila modi (nyongeza zinazotengenezwa na wachezaji), isipokuwa pale tuliposema vingine.

Nakala nzuri ni ipi hasa?

Ni ile inayoruka kama roketi yenyewe. Rangi na umbo vina nafasi yake, lakini Saturn V inayochomoka ardhini kama fataki siyo Saturn V hata ikipakwa rangi vizuri namna gani. Ile ya kweli iliondoka taratibu, kwa sababu msukumo wake ulizidi uzito wake kwa karibu sehemu moja tu ya tano. Kwa hiyo tunapima vitu vitatu: uwiano wa urefu na upana, idadi na mpangilio wa injini, na uwiano wa msukumo kwa uzito wakati wa kuondoka. Huo wa tatu ndio wengi wanaousahau.

Nianzie wapi?

Anza na skeli, kabla hujagusa kipande chochote. Chagua kipenyo kimoja cha roketi ya kweli, gawanya kipenyo cha tangi lililopo ndani ya gemu kwa kipenyo hicho, na namba utakayoipata uizidishe kwenye kila kipimo kingine. Vipenyo vya gemu ni mita 0.625, 1.25, 2.5 na 3.75. Upanuzi wa Making History, ambao unauzwa peke yake, unaongeza 1.875 na 5.

Chukua Falcon 9. Ina kipenyo cha mita 3.7 na urefu wa mita 70. Ukitumia matangi ya mita 2.5, skeli ni 2.5 ÷ 3.7, yaani 0.676. Urefu unakuwa mita 47. Kofia ya mzigo, ambayo kwa kweli ina upana wa mita 5.2 na urefu wa 13.1, inakuwa na upana wa mita 3.5 na urefu wa karibu 9. Ziandike namba hizi kwenye daftari. Ukianza kukadiria kwa jicho, kosa la kipande cha chini litapanda mpaka juu.

Uzito nao nauzidisha kwa skeli hiyohiyo?

Hapana, na hapa ndipo hesabu za wengi zinapoharibika. Uzito unafuata ujazo, kwa hiyo skeli unaizidisha yenyewe mara tatu. Fikiria debe: ukilipunguza nusu kwa urefu, nusu kwa upana na nusu kwa kina, unahitaji madebe madogo manane kulijaza lile la kwanza. Falcon 9 ina tani 549. 0.676 × 0.676 × 0.676 ni karibu 0.31, hivyo nakala yako inastahili kuwa na tani 170 hivi.

Tupeni Falcon 9 kipande kwa kipande.

Hatua ya kwanza ya roketi, yaani sehemu ya chini inayoachwa mafuta yake yakiisha, ni matangi manne ya Jumbo-64, yaani mita 30. Juu yake weka kitenganishi cha mita 2.5, kisha hatua ya pili: Jumbo-64 moja yenye injini ya Poodle. Poodle ina sura mbili; chagua ile ya bomba moja, kwa sababu hatua ya pili ya Falcon 9 ina injini moja tu. Malizia na kompyuta ya kuongozea, mzigo wa tani 3 hivi na kofia ya mzigo.

Chini kunahitajika injini tisa: nane kwa mduara na moja katikati. Wengi hukimbilia Spark kwa kuwa ni ndogo na zinaenea vizuri. Ardhini Spark tisa zinatoa kilonyutoni 150 hivi tu, na chombo hakitainuka hata sentimita moja. Weka Reliant nane kwenye mduara, uzivute ndani kidogo kwa kifaa cha kusogeza mpaka kingo zake ziingiliane, na katikati weka Swivel moja. Usiweke Reliant zote tisa. Reliant haigeuzi mdomo wake, kwa hiyo utakosa usukani. Swivel inageuza.

Ardhini Reliant moja inatoa kilonyutoni 205 na Swivel 168. Jumla ni karibu 1,809. Falcon 9 ya kweli huondoka na uwiano wa msukumo kwa uzito wa karibu 1.4. Ukigawanya 1,809 kwa 1.4, kisha kwa 9.81 (nguvu ya uvutano), unapata tani 130 hivi. Hiyo ndiyo ruhusa yako ya uzito. Matangi yote yakijaa utakuwa karibu na tani 200, na chombo kitakaa palepale kikitoa moshi.

Kwa hiyo nimwage mafuta?

Ndiyo, umwage bila huruma. Bofya tangi kwa kitufe cha kulia cha panya ukiwa karakanani, uvute vipimo vyote viwili, mafuta na oksijeni, kwa asilimia sawa. Ukipunguza kimoja tu, kingine kitabaki bila kazi na kuwa mzigo.

Huna haja ya kuogopa kwamba utaishiwa njiani. Kerbin, sayari ya gemu, ina nusu kipenyo cha kilomita 600, wakati Dunia yetu ina 6,371. Kufika obiti ya chini ya Kerbin kunataka akiba ya kasi ya mita 3,400 hivi kwa sekunde; kwa Dunia ni karibu 9,400. Kwa Falcon 9 hii, weka tani 74 za mafuta kwenye hatua ya kwanza na 16 kwenye ya pili. Utakuwa na zaidi ya mita 5,000 kwa sekunde, na bado ubakize mafuta ya kutua.

Jambo moja la kukumbuka: ukimwaga mafuta, ganda la tangi linabaki na uzito wake. Jumbo-64 ina tani 32 za mafuta na tani 4 za ganda. Matangi manne ni tani 16 ambazo huwezi kuzikwepa.

Nimwage tangi la juu au la chini?

La chini. Katika gemu hili kila tangi huhesabiwa kana kwamba mafuta yametapakaa ndani yake sawasawa. Ukijaza matangi ya chini na kuacha ya juu matupu, kitovu cha uzito kinashuka, na roketi yenye kofia pana itapinduka mara tu hewa inapoanza kusukuma kichwa. Washa alama za kitovu cha uzito na kitovu cha hewa karakanani. Alama ya uzito iwe juu ya ile ya hewa. Ikishindikana, ongeza mapezi madogo manne chini kabisa, hata kama roketi ya kweli haina.

Roketi yangu inapinduka ikifika kilomita 10 hivi. Mapezi yapo, kitovu kiko sawa.

Angalia mwendo wako. Mara nyingi unageuza kwa nguvu na kwa kuchelewa. Anza kuinamisha nyuzi chache tu ukifika mita 100 kwa sekunde, halafu uiache ifuate alama ya mwelekeo wa safari. Pua isiachane na alama hiyo zaidi ya nyuzi 5 ukiwa bado kwenye hewa nzito.

Hatua ya kwanza ya Falcon 9 haitui. Inapiga chini injini ikiwa imewaka.

Falcon 9 ya kweli humalizia kutua kwa injini moja ya katikati. Kwa nakala hii haiwezekani, na sababu ni hesabu tupu. Hatua tupu ina tani 16 za maganda, tani 11.5 za injini, na miguu juu yake. Jumla inapita tani 28. Swivel yako inatoa kilonyutoni 168, ambazo zinabeba tani 17 tu. Tumia tatu: Swivel na Reliant mbili zinazotazamana. Hapo unapata karibu kilonyutoni 578, mara mbili ya uzito.

Panga vikundi vya vitendo mapema. Namba 1 izime Reliant sita, namba 2 ifungue breki za hewa, na miguu iwe kwenye kitufe chake cha G. Breki nne za hewa karibu na juu ya hatua zinashika nafasi ya yale mapezi ya wavu ya Falcon 9 ya kweli. Bakiza tani 8 za mafuta. Ziwe kwenye tangi la chini kabisa, kwa sababu wakati wa kushuka mambo yanageuka: sasa unataka uzito uwe upande wa injini. Hili utalipata kwa kupanga upya kipaumbele cha matangi, ili la chini liwe la mwisho kunyonywa.

Kuna tatizo jingine ambalo siyo kosa lako. Gemu hufuta chombo usichokiongoza kikiwa chini angani na umbali wa zaidi ya kilomita 22.5 kutoka kwako. Ukiendelea na hatua ya pili, ya kwanza itatoweka. Dawa ni mbili. Ya kwanza ni kupanda wima zaidi, ili hatua ya kwanza ikae juu kwa muda wa kutosha kumalizia obiti ya mzigo kisha urudi kwake. Ya pili ni modi ya FMRS, ambayo hurudisha saa hadi pale hatua zilipoachana. Sisi tunapendekeza FMRS.

Saturn V: nitumie chumba kipi cha wanaanga?

Swali hili linaamua roketi nzima. Chumba cha Apollo, kilichokaa juu ya Saturn V, kilikuwa na kipenyo cha mita 3.9. Ukikiwakilisha kwa Mk1-3 ya mita 2.5, skeli ni 0.64, na hatua ya kwanza iliyokuwa na mita 10.1 itataka tangi la mita 6.5. Hakuna. Ukianzia chini na tangi la mita 5, skeli ni 0.495, na chumba kinatakiwa kiwe cha mita 1.93. Hapo Mk2 ya Making History, yenye mita 1.875, inakaa vizuri, ingawa inabeba wawili na siyo watatu.

Tunashauri uanzie chini. Jicho linaona umbo la roketi kabla halijahesabu viti. Roketi iliyokuwa na mita 110.6 itasimama kwenye mita 55 hivi.

Na mafuta ya Saturn V?

Hapa pana somo ambalo halionekani kwa macho. Hatua ya kwanza ya kweli iliunguza mafuta ya taa yaliyosafishwa pamoja na oksijeni ya kimiminika. Ya pili na ya tatu ziliunguza haidrojeni, ambayo ni nyepesi mno: matangi makubwa, uzito mdogo. Gemu lina mafuta ya aina moja, yenye uzito uleule kwa kila hatua. Kwa hiyo ukijaza hatua za juu, unaweka uzito ambao Saturn V haikuwa nao kamwe.

Hatua ya pili ilikuwa na karibu tani 480. Kwa skeli yako (0.495 × 0.495 × 0.495 ni 0.121) ni tani 58. Matangi ya mita 5 yanayofikia urefu unaotakiwa, S4-256 na S4-64, yana tani 180 yakijaa. Acha robo tu ya mafuta. Hatua ya tatu tumia S3-14400. Ganda lake peke yake ni tani 9, kwa hiyo kubali iwe na tani 25 badala ya 15 zinazotakiwa. Hatua ya kwanza, S4-512, iweke asilimia 86.

Injini: Mastodon tano chini, Skiff tano hatua ya pili, Skiff moja ya tatu, kama vile injini za Saturn V ya kweli: F-1 tano, J-2 tano na J-2 moja. Roketi nzima itakuwa na tani 370 hivi. Mastodon tano kwa nguvu zote ni nyingi mno kwa uzito huo, kwa hiyo shusha kikomo cha msukumo hadi karibu asilimia 70. Hapo uwiano ni 1.2 na roketi itaondoka kwa ule utulivu wa Julai 1969. Skiff za hatua ya pili zishushe hadi nusu.

Kama unataka kufuata safari ya Apollo 11 kwa makini, iweke injini ya katikati kwenye kitufe chake. Kwenye safari hiyo ilizimwa karibu sekunde ya 135, zile nne za pembeni karibu sekunde ya 161. Ilizimwa mapema ili roketi, ambayo ilikuwa imeshapungua uzito, isiwabane wanaanga kupita kiasi. Mafuta yako yataisha kwa muda tofauti, lakini utaratibu utakuwa uleule.

Sina Making History.

Tumia matangi ya mita 3.75 na injini za Mainsail. Skeli inashuka hadi 0.37 na chumba kinakuwa cha mita 1.25 au karibu yake. Inapendeza, ila hatua ya tatu italazimika kuwa ya mita 2.5.

Vifungashio vya pembeni vya Soyuz (roketi za msaada zilizofungwa ubavuni) vinagonga mwili wa kati vikiachia.

Kitenganishi husukuma katikati ya kifungashio, basi kichwa kinaweza kuingia ndani na kuvunja tangi. Soyuz ya kweli hutatua hili kwa vali karibu na ncha ya kila kifungashio: oksijeni inatoka, ncha inasukumwa nje, na vyote vinne vinafunguka kwa pamoja na kuchora msalaba angani. Wewe weka Sepratron moja (kiroketi cha kutenganisha) karibu na ncha ya kila kifungashio, mdomo ukielekea mwili wa kati kwa mshazari, na mafuta yake uyapunguze. Iweke kwenye hatua moja na vitenganishi, siyo hatua inayofuata.

Kwa upana tumia mita 1.875. Mwili wa kati wa Soyuz una mita 2.95 mahali ulipo mnene zaidi, na kwa skeli ya 0.64 namba inaangukia palepale. Injini ndogo za usukani ziwakilishe kwa Cub: mbili kila kifungashio, nne mwili wa kati, kama ilivyo.

Space Shuttle yangu, ile ndege ya anga za juu, inapanda vizuri, vifungashio vikidondoka inabiringika.

Kwa sababu vifungashio vilikuwa vinaficha kosa. Msukumo wao hupita karibu na tangi, ambako uzito upo. Vikiondoka, zinabaki injini tatu za Vector zilizo mkiani mwa ndege tu. Karakanani ving'oe vifungashio uviweke kando, kisha uangalie alama ya kitovu cha uzito na ya msukumo. Zungusha Vector mpaka mshale wa msukumo upite kwenye kitovu cha uzito. Halafu punguza mafuta ya tangi hadi nusu na uangalie tena, maana kitovu kinasogea kuelekea kwenye ndege kadiri tangi linavyokauka. Chagua pembe ya katikati. Vector inageuza mdomo nyuzi 10.5, itamaliza zilizobaki.

Roketi ndefu inayumba kama mnazi.

Kwenye mipangilio washa "Advanced Tweakables", kisha kila tangi lipe Autostrut (fito za kuimarisha zisizoonekana) ya "Grandparent". Usitumie "Heaviest" kwa roketi ya hatua nyingi, kwa sababu kipande kizito zaidi hubadilika kila hatua inapodondoka na fito zinajifunga upya katikati ya safari.

Kuna roketi rahisi ya kuanzia, yenye uhusiano na pwani yetu?

Ipo: Scout. Ni roketi ya mafuta makavu yenye hatua nne, Algol, Castor, Antares na Altair, urefu wa mita 23 hivi. Ilirushwa kutoka jukwaa la San Marco, baharini karibu na Malindi, pwani hiihii ya Waswahili. Tarehe 12 Desemba 1970 ilipeleka juu setilaiti ya kwanza ya kuchunguza miale ya eksirei kutoka kwenye nyota. Ilikuwa sikukuu ya uhuru wa Kenya, na setilaiti ikaitwa Uhuru. Mtoto wa pwani akianza na roketi hii anaanza nyumbani.

Kati ya injini za mafuta makavu za gemu, weka Thumper chini, Hammer juu yake, kisha Shrimp na Mite. Thumper ishushe msukumo hadi asilimia 70. Kumbuka injini za mafuta makavu hazipunguzwi zikishawaka, kwa hiyo kila kitu kiamuliwe karakanani. Chini weka mapezi manne yanayogeuka. Hatua ya nne ya Scout haikuwa na usukani; ilizungushwa kama pia ili ishike mwelekeo. Fanya hivyohivyo: elekeza pua, zima SAS (mfumo wa kushika mwelekeo), shikilia Q kwa sekunde chache, halafu achia.

Naweza kurusha kutoka Mtwara yenyewe?

Kwa gemu tupu hapana. Kwa modi ya Real Solar System, inayoleta Dunia yetu kwa ukubwa wake halisi, inawezekana kwa modi nyingine, KSCSwitcher. Fungua faili lake la vituo, nakili kituo kilichopo, badilisha jina, andika latitudo -10.27 na longitudo 40.18. Kwa Lindi mjini andika -10.00 na 39.71. Kituo kikielea au kuzama ardhini, rekebisha kimo chake kwenye faili hilohilo.

Mahali ni pazuri kwelikweli. Mashariki yote ni Bahari ya Hindi. Mzunguko wa Dunia unakupa mita 458 hivi kwa sekunde bure. Cape Canaveral inapata 409, Baikonur karibu 323. Ukirusha mashariki kabisa, njia yako itapinda polepole kaskazini kuelekea ikweta, na obiti itainama nyuzi 10.3.

Ukitumia pia Realism Overhaul, modi inayofanya vipande vifanane na vya kweli, skeli haina kazi tena: unajenga mita kwa mita. Ila injini nyingi zinawaka mara chache tu, na mafuta lazima yatulie chini ya tangi kabla ya kuwasha tena. Modi hizi zipakue kwa programu ya CKAN, ambayo huchagua matoleo yanayopatana. Ni nzito, tumia bando la usiku.

Kompyuta gani inatosha?

Kumbukumbu ya GB 8 kwa gemu tupu, 16 kwa Real Solar System. Nakala ya vipande 300 inachosha prosesa kuliko kadi ya picha. Msimu wa kaskazi joto la pwani huifanya kompyuta mpakato ipunguze kasi yenyewe. Iinue nyuma kwa vipande viwili vya mbao ili hewa ipite chini, na usiiweke juu ya kitanda.

Simu je?

Kerbal Space Program haipo kwenye simu. Spaceflight Simulator ipo, nayo ni ya pande mbili tu. Hesabu ya skeli na ya msukumo ni ileile.

Umeme ukikatika napoteza kazi?

Ukiwa karakanani, utapoteza kila ulichofanya tangu ulipohifadhi mara ya mwisho. Bonyeza kuhifadhi kila unapomaliza hatua moja ya roketi, na upe jina jipya kila mara: Saturn-1, Saturn-2, Saturn-3. Ukiwa safarini ni F5 kuhifadhi, na F9 ukiishikilia kurudi. Mafaili ya roketi yamo kwenye folda ya mchezo wako, ndani ya "Ships", kisha "VAB". Kila moja ni dogo kiasi cha kutumwa kwa WhatsApp. Litume kama hati, na anayelipokea alibandike kwenye folda kama hiyo. Likigoma kufunguka kwake, mara nyingi ni kwa sababu umetumia kipande cha modi au cha upanuzi ambao yeye hana. Gemu litamtajia jina la kipande hicho.